Waya wa Kushukia: Njia ya Mawimbi kutoka Antena hadi Redioni katika Nyumba ya Pwani

Mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu anayewasiliana kwa redio kwa kupenda na si kwa biashara, anayetundika antena ya waya nyumbani kwake hufikiri sana juu ya waya ule wa juu: urefu wake, kimo chake kutoka ardhini, na upande unaoelekea. Waya wa kushukia, yaani ule unaotoka katikati ya antena ukateremka hadi kwenye redio mezani, huja kufikiriwa mwisho, fedha zikiwa zimepungua na mkwezi amekwisha kushuka mnazini. Naandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wa Tanga na wa miji mingine ya mwambao walio na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, au wanaoiomba, na ambao wanakaribia kuununua waya huo. Ninachokiamini, baada ya miaka ya kusikiliza na kurusha kutoka Chumbageni, ni kwamba kabla ya kusoma jedwali lolote la upotevu wa kebo mtu aamue kwanza antena yake itafanya kazi katika bendi ngapi, yaani mafungu mangapi ya masafa ya redio, kisha aikague nyumba yake na hewa inayoizunguka. Mambo hayo yakishajulikana, uchaguzi unaobaki ni mdogo.

Kazi ya waya wa kushukia ni kuchukua nguvu kutoka redioni na kuifikisha kwenye antena bila kuipoteza njiani, na bila wenyewe kugeuka kuwa sehemu ya antena. Kuna familia mbili za nyaya hizo. Ya kwanza ni kebo ya koaksia, yenye waya wa kati, kihami kinachouzunguka, msuko wa shaba juu ya kihami, na ganda la plastiki kwa nje. Mwingereza Oliver Heaviside alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1880, ingawa ilipita miongo kadhaa kabla halijaenea. Ya pili ni waya pacha, yaani nyaya mbili zinazokwenda sambamba kwa umbali usiobadilika, zikitenganishwa kwa vipande vya plastiki au kwa utepe wa plastiki. Waliokuwa na televisheni zamani, enzi za antena za mlingoti, watakumbuka ule waya bapa wa omu 300 uliopita dirishani. Ni wa familia hii.

Kila waya wa kushukia una impidansi yake ya asili, yaani ukinzani wake kwa mawimbi, ipimwayo kwa omu, nayo haitegemei urefu wa waya. Inategemea umbo: unene wa nyaya, umbali kati yake, na kihami kilichopo katikati. Redio zetu za kurushia zimeundwa kwa omu 50, na namba hiyo ilipatikana kwa maafikiano. Kebo ya koaksia yenye hewa ndani hupoteza nguvu kidogo kabisa ikiwa na omu 77 hivi, na huhimili nguvu kubwa kabisa ikiwa na omu 30 hivi. 50 iko kati ya hizo mbili. Televisheni, ambayo nyumbani hupokea tu na hairushi, imebaki na omu 75.

Nianze na mtu anayetaka bendi moja tu, kwa kuwa jambo lake ni jepesi. Tuseme anataka bendi ya mita 40, yaani yenye urefu wa wimbi wa mita 40 hivi au megahezi 7, ambayo usiku huchukua sauti kutoka mbali na mchana hutufikisha kwa jirani wa Afrika Mashariki. Dipoli yake, yaani antena ya waya wa nusu wimbi uliogawanywa katikati, itakuwa na urefu wa takriban mita 20, na kwa vimo ambavyo mnazi na nguzo ya kawaida vinaweza kutupatia, impidansi ya katikati yake itakuwa kati ya omu 50 na 80 hivi. Kebo ya omu 50 inaungana nayo vizuri. Kebo hiyo ikiwa na urefu wa mita 20, basi katika megahezi 7 RG-58, ile nyembamba ya milimita 5, itapoteza karibu desibeli 0.8 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu), na RG-213, ile nene ya milimita 10, itapoteza karibu desibeli 0.3. Redio ikitoa wati 100, ya kwanza itafikisha juu wati 83 hivi na ya pili wati 93. Aliye upande wa pili hawezi kuitambua tofauti hiyo kwa sikio, kwani kipimo kimoja cha S kwenye mita ya redio huhesabiwa kuwa desibeli 6. Hata mtu akipanda hadi megahezi 28, ambako nyembamba itafikisha wati 69 na nene wati 85, tofauti bado haijafika desibeli moja.

Kwa sababu hiyo simshauri mwenye dipoli ya bendi moja aagize RG-213 kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi kwa gharama kubwa. RG-58 nzuri inatosha, na RG-8X, ambayo ni nene kidogo na ina kihami chepesi cha povu, inatosha zaidi. Neno "nzuri" hapa lina uzito wake. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Ngamiani nimeshika kebo zilizoandikwa RG-58 ambazo msuko wake ni nyuzi chache zilizotawanyika, hata kihami cheupe kinaonekana wazi katikati yake. Mnunuzi aombe kuchuna ncha ya kebo kabla ya kulipa. Msuko ufunike karibu kihami chote, na waya wa kati uwe katikati kweli, usiwe umeegemea upande mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo majedwali hayalisemi, nalo ni uzito. RG-213 ina takriban gramu 150 kwa kila mita, ilhali RG-58 ina kama gramu 40. Antena inayoshikiliwa kwenye ncha zake mbili tu, bila mlingoti katikati, hubeba uzito wote wa kebo inayoning'inia. Mita 10 za RG-213 ni kilo moja na nusu, na ili katikati ya dipoli ya mita 20 isilegee kwa zaidi ya mita moja, kila kamba ya pembeni inabidi ivutwe kwa nguvu ya kilo 7 na ushee, kabla upepo haujaongeza wake. Mkwezi wa mtaani kwetu, kijana anayeangua nazi za nyumba nyingi, alipoinua ncha ya kebo nene niliyoazimwa na rafiki aliniambia, "Mzee wangu, huu si waya, huu mzigo. Kusi ikianza, mnazi utayumba na huu utakatika." Nilimjibu, "Umesema kweli, mwanangu," na tukapandisha ile nyembamba. Mnazi huyumba sana, na antena iliyofungwa kwake lazima ipitishwe kwenye kapi na kuachiwa jiwe la kuivuta upande wa chini, ili kamba ipande na kushuka na mti. Kamba yenyewe iwe ya manila, ile ya plastiki. Nasema hivyo nikiwa mkazi wa mkoa uliokua kwa katani tangu miche ya kwanza ilipoletwa upande wa Pangani mwaka 1893, na naipenda kamba ya katani kwa kazi nyingi, lakini katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea, na baada ya masika huanza kuoza.

Jambo hubadilika kabisa mtu anapotaka bendi nyingi kwa waya mmoja, na hapa ndipo nguvu nyingi za wanaredio hupotea bila wao kujua. Dipoli ya bendi ya mita 40 ikitumiwa katika bendi ya mita 20 (megahezi 14), urefu wake unakuwa wimbi zima badala ya nusu, na impidansi ya katikati hupanda hadi omu elfu kadhaa. Tuchukue omu 4,000 kwa mfano. Kwa kebo ya omu 50, uwiano wa mawimbi yaliyosimama, ule wanaredio wanaouita SWR, na ambao ni 1 kwa 1 kebo na antena zikilingana kabisa, unakuwa 80 kwa 1. Sehemu kubwa ya nguvu inayofika juu hurudishwa chini, ikifika redioni hurudishwa juu tena, na kila safari kebo hula fungu lake. Nimeifanya hesabu kwa mita 20 za RG-58 katika megahezi 14: kebo ambayo ikiwa imelingana na antena ingepoteza desibeli 1.1 tu, sasa inapoteza zaidi ya desibeli 10. Katika wati 100, hata wati 10 hazifiki kwenye antena. Zilizobaki huipasha moto kebo.

Kinachonisumbua zaidi katika hesabu hiyo ni kile ambacho mita itaonyesha mezani. Kwa kuwa kebo imekula sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa ikirudi, mita ya SWR iliyo karibu na redio itasoma kama 7 kwa 1, ilhali juu kwenye antena ni 80 kwa 1. Kisanduku cha kuoanisha, ambacho wengi hukiita tyuna, kitaishusha 7 hiyo hadi 1 bila shida, redio itarusha nguvu yake yote bila kulalamika, na mwenye redio ataamini kwamba kila kitu ni sawa. Kisanduku hicho huiridhisha redio tu. Kinachotokea kati yake na antena hakikibadilishi hata kidogo.

Sasa antena ile ile ishushwe kwa waya pacha wa omu 600. SWR kwenye waya huo ni chini ya 7 kwa 1, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kihami chake ni hewa, upotevu wa asili ni mdogo mno. Upotevu wote kwa mita 20, pamoja na ule unaoletwa na mawimbi yanayorudi, hauzidi robo ya desibeli. Wati 95 hivi zinafika juu. Ndiyo maana kizazi cha zamani cha wanaredio kilitumia waya pacha kwa kila kitu, na ndiyo maana Louis Varney wa Uingereza, mwenye ishara ya wito G5RV, alipobuni mwaka 1946 antena yake ya mita 31 hivi, aliiwekea kipande cha waya pacha cha mita 10 kabla ya kebo nyingine kuendelea hadi redioni. Aliikusudia hasa kwa bendi ya mita 20. Wanaoitumia leo kwa kila bendi wakiwa na kebo ndefu ya koaksia chini yake wanarudi katika tatizo lile lile.

Waya pacha hauhitaji kuagizwa. Impidansi yake hupatikana hivi: zidisha umbali kati ya nyaya kwa mbili, gawanya kwa kipenyo cha waya, tafuta logi ya kumi ya jibu, kisha zidisha kwa 276. Waya wa 1.5 (milimita za mraba) wa mafundi umeme, ule wa uzi mmoja wanaoutumia kwa taa, una kipenyo cha milimita 1.4 hivi, nyaya mbili za namna hiyo zikitenganishwa kwa sentimita 10 zinatoa omu 600 karibu kamili. Kwa vitenganishi mimi hukata bomba jeusi la maji katika vipande vya sentimita 12, natoboa matundu mawili kila kipande, na kuvipanga kwa nafasi ya nusu mita. Bomba jeupe la kupitishia nyaya za umeme ukutani ni rahisi zaidi kukata, lakini jua la Tanga hulifanya livunjike kama kaki. Plastiki nyeusi hustahimili, na kanuni hiyo inafaa pia kwa vifungio vya plastiki na kwa ganda la kebo yoyote itakayokaa nje.

Ugumu wa waya pacha ni nyumba zetu. Waya huo hautaki chuma karibu yake. Kwa nyaya zilizotengana sentimita 10, naupa nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kutoka kitu chochote cha chuma. Nyumba ya kawaida hapa ina paa la bati na madirisha yenye nondo. Koaksia inaweza kulazwa juu ya bati, kufungwa kwenye mfereji wa maji ya mvua, kupenyezwa kati ya nondo na kuzikwa ndani ya bomba, bila kujali. Waya pacha hauwezi lolote kati ya hayo. Suluhisho nililoliona likifanya kazi vizuri ni kuushusha waya pacha ukiwa hewani, mbali na ukuta, hadi chini ya upenu wa paa. Hapo kuweka baluni ya uwiano wa 1 kwa 1, yaani kiungo kinachozuia mkondo usitambae nje ya msuko wa koaksia, iliyofungwa kwenye pete za feraiti, ndani ya kisanduku kisichoingiza maji. Na kutoka hapo kuingia ndani kwa koaksia nene isiyozidi mita moja au mbili hadi kwenye kisanduku cha kuoanisha. Hapa sasa RG-213 ina thamani, maana kipande hicho kifupi kinabeba mawimbi yasiyolingana. Ikiwa bendi moja inakataa kuoana, mita moja au mbili za waya pacha zikiongezwa au kupunguzwa mara nyingi hulimaliza tatizo, kwa sababu urefu wa waya hubadilisha impidansi inayoonekana chini.

Wengi huniuliza kuhusu kebo ya dishi, RG-6, kwa kuwa ipo kila duka na bei yake ni ndogo. Omu zake 75 si kikwazo: kwa mwisho wa omu 50, SWR haizidi 1.5 kwa 1, na dipoli yenyewe mara nyingi iko karibu na 75 kuliko 50. Upotevu wake unakaribiana na wa RG-213. Kikwazo ni jinsi nyingi kati ya kebo hizo zilivyotengenezwa. Waya wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba kidogo, na katika bendi za chini kama mita 80 mkondo hupenya zaidi ya ngozi hiyo ya shaba na kukutana na chuma. Sumaku ndogo ya mfukoni inatosha kuligundua hilo dukani. Msuko wake ni wa alumini, ambayo haishiki risasi ya kulehemu, na ambayo ikigusana na shaba au shaba nyeupe ya konekta katika hewa ya chumvi huliwa haraka. Mtu wa Korogwe au Lushoto anaweza kuitumia kwa miaka. Mtu wa Raskazone, ambaye bahari iko mlangoni, ataikuta imegeuka unga mweupe kwenye maungio.

Chumvi na maji ndivyo adui mkubwa wa koaksia pwani, kwani kusi na kaskazi zote mbili hutujia kutoka baharini. Maji yakipata tundu dogo kwenye ncha ya juu, msuko huyafyonza kama utambi na kuyashusha mita nyingi, shaba inageuka nyeusi, na upotevu hupanda mwaka hadi mwaka. Na kwa sababu ile ile niliyoieleza juu, kebo iliyooza huonyesha SWR nzuri kuliko kebo mpya. Mtu anayeona antena yake inazidi kuwa "nzuri" kwenye mita huku stesheni zikizidi kufifia, aipime kebo. Kipimo ni rahisi: ncha ya mbali iunganishwe waya wa kati na msuko pamoja, kisha SWR isomwe kwenye ncha ya karibu kwa kipimaji kidogo kama NanoVNA. Mita 20 za RG-58 iliyo salama, katika megahezi 28, zitasoma kati ya 5 na 6 kwa 1. Zikisoma 2 kwa 1, kebo hiyo inakula karibu theluthi mbili ya nguvu katika safari moja tu, na mahali pake ni jalalani. Kuziba ncha kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kisha mkanda wa umeme juu yake, na kuacha kebo itengeneze tao la kudondoshea maji kabla ya kuingia ukutani, ni kazi ya nusu saa. Naipa umuhimu mkubwa kuliko unene wa kebo. Waya pacha nao hupata chumvi juu ya vitenganishi, hasa mwishoni mwa kiangazi, lakini mvua ya kwanza huuosha.

Nisiache kelele. Mkondo unaotambaa nje ya msuko wa koaksia huibeba kelele ya nyumba hadi kwenye antena: taa za LED, chaja za simu, na vidhibiti vya umeme wa jua. Katika mitaa iliyosongamana kelele hiyo inaweza kuifuta bendi ya mita 40 jioni yote, na hakuna kebo nene itakayoiondoa. Baluni kwenye kitovu cha antena, na pete nyingine za feraiti pale kebo inapoingia ndani, hupunguza kelele hiyo kwa kiasi kinachosikika mara moja. Mtu mwenye fedha kidogo na anayechagua kati ya RG-213 na pete hizo, achukue pete na RG-58.

Kuhusu radi nina maneno machache. Masika na vuli waya wote wa kushukia utenganishwe na redio nje ya nyumba, uunganishwe na eathi, na uachwe hivyo hadi mawingu yapite. Waya pacha unahitaji swichi ya visu viwili kwa kazi hiyo. Na antena yoyote ipite mbali na nyaya za umeme za mtaani, kiasi kwamba ikikatika isiweze kuziangukia.

Nyumbani kwangu leo kuna dipoli ya urefu wa mita 20 yenye waya pacha, kwa bendi za mita 40 hadi 10, na mwenzangu wa mtaa wa pili ana dipoli ya bendi ya mita 40 pekee yenye RG-58 iliyozibwa vizuri. Katika bendi ya mita 40 hakuna anayeweza kututofautisha. Hesabu hizi zote ni za bendi za mawimbi mafupi. Atakayeweka antena ya mlingoti kwa megahezi 144 aziweke kando, kwa sababu huko mita 20 za RG-58 hupoteza desibeli 4 na kufikisha wati 40 tu katika 100, na kebo nene inalipa gharama yake tangu siku ya kwanza.